Nyaraka za zana ya kufupisha maonyo ya kompaila: anza na maana ya sifuri

Mkuu mleta uzi, umesema umeandika zana inayosoma logi (rekodi ya ujumbe) ya kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayotekelezeka, na kumpa ajenti wa akili mnemba muhtasari wa maonyo, na unauliza kama README (faili la maelezo ya utangulizi) ya kawaida inatosha. Natunza zana ya namna hiyo kazini, kwenye mradi wa C++ unaojengwa kwa GCC (kompaila) na make (programu inayoamua faili zipi zikompailiwe), kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona.

Haitoshi. Mtu akiutilia shaka muhtasari, atafungua logi nzima aikague. Ajenti usipomwelekeza hafanyi hivyo: mistari uliyompa ndiyo hali yote ya mradi machoni pake, naye anasonga mbele. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa nyaraka zako ueleze yale ambayo muhtasari hausemi. Mambo ya kusakinisha yatafuata.

Anza na sifuri. Make haikompaili upya faili ambalo halijaguswa, lenyewe wala faili linazozitegemea, na faili lisilokompailiwa halitoi onyo lolote. Ukijenga mradi kwa mara ya kwanza utaona maonyo tele. Ukirudia papo hapo, kimya, ingawa maonyo yale yale bado yamo kwenye msimbo. Kwetu ajenti alirekebisha faili moja, akajenga, akaona "maonyo 0", akaripoti kwamba mradi mzima ni safi. Kwa kile alichoonyeshwa, hakuwa na sababu ya kusema vingine. Sasa muhtasari wetu unataja faili ngapi zimekompailiwa katika bildi (ujenzi) hiyo, na nyaraka zinasema: "Sifuri inahusu faili zilizokompailiwa sasa hivi tu. Ukitaka hali ya mradi mzima, tanguliza make clean." Sentensi hizo mbili zimetufaa kuliko kurasa zote zinazofuata.

Pili, eleza unavyohesabu. Onyo moja la -Wsign-compare (kulinganisha namba zenye alama na zisizo na alama) lililomo kwenye heda, yaani faili la msimbo linaloingizwa kwenye faili nyingine, linajirudia kwa kila faili la .cpp linaloiita heda hiyo. Zana ikiyaunganisha kwa jina la faili, mstari, safu na jina la onyo, andika hivyo hivyo, na utoe idadi mbili: kabla ya kuunganisha na baada. La sivyo ajenti akilinganisha na logi ghafi ataona hesabu hazilingani, aanze kutafuta maonyo "yaliyopotea". Kwenye templeti (msimbo mmoja unaotumika kwa aina nyingi za data) kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu mstari mmoja unaweza kutoa onyo kwa aina kadhaa za data, na ukiunganisha kwa mahali pekee, aina nyingine zinafichika.

Halafu amri yenyewe. GCC hutuma maonyo kwenye stderr (mkondo wa ujumbe wa makosa, ulio tofauti na mkondo wa kawaida wa matokeo), kwa hiyo anayeandika make na kuelekeza kwenye zana yako bila 2>&1 (inayounganisha mikondo hiyo miwili) ataipa logi isiyo na onyo hata moja. Baya zaidi, bash (programu inayoendesha amri zako) hurudisha matokeo ya amri ya mwisho kwenye mfululizo wa amri zilizounganishwa: bildi imevunjika, zana yako imemaliza salama, ajenti anaambiwa mambo yako sawa. Usimwachie akisie. Andika amri kamili ya kunakili, ikiwa na set -o pipefail (ili amri yoyote ikifeli, mfululizo mzima uhesabike umefeli), LC_ALL=C ili ujumbe usibadilike kulingana na lugha ya mashine, na -O kwa wanaotumia make -j (kujenga faili kadhaa kwa wakati mmoja). Hiyo -O imekuwepo tangu GNU Make 4.0, nayo huzuia mistari ya faili tofauti isichanganyike. Kama mna GCC 13 au zaidi, tumia -fdiagnostics-format=sarif-file usome data iliyopangwa. Utaepuka matatizo mengi ya kuchambua maandishi.

Sehemu ninayoitilia mkazo kuliko zote ni kueleza nini kinahesabika kuwa onyo limerekebishwa. Muhtasari unaoonyesha namba unamvuta ajenti aishushe namba, na njia za mkato ni nyingi: #pragma GCC diagnostic ignored (agizo la kunyamazisha onyo), kasti (kubadilisha aina ya data kwa nguvu) isiyo na sababu, au kumaliza -Wmaybe-uninitialized kwa kuandika = 0. Hiyo ya mwisho inaniumiza sana. Onyo lilikuwa linakwambia kuna njia kwenye msimbo ambayo haikupewa thamani. Sasa sifuri imekaa pale, onyo limetoweka, na hitilafu imebaki bila kitu cha kuionyesha. Nyaraka zetu zinamtaka ajenti aeleze kwanza ni njia gani inayoacha kigeu bila thamani, kisha ndipo abadilishe msimbo. Pale onyo linaponyamazishwa kwa makusudi, sababu iandikwe juu ya mstari huo huo.

Kuhusu mahali pa kuziweka: maelekezo mafupi kwenye AGENTS.md (faili la maelekezo kwa ajenti), maana ya kila sehemu ya muhtasari kwenye --help, na maelezo marefu kwenye faili la pembeni linalotajwa na hayo mawili. AGENTS.md husomwa kila kazi inapoanza na kila mstari unakula tokeni (vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma), kwa hiyo historia ya mradi haina nafasi pale. Weka mifano halisi ya muhtasari, ukiwemo wa bildi iliyovunjika na wa bildi ambayo haikukompaili kitu. Kisha iendeshe mifano hiyo kama majaribio, ili zana ikibadilika na nyaraka zikabaki nyuma, jaribio lifeli.

Weka hapa kipande cha muhtasari ambao zana yako inatoa sasa, pamoja na amri unayompa ajenti, tuangalie nini kinakosekana.