Umehamia kidato cha tatu shule ya kanisa Malindi? Anzia hapa

Kidato cha tatu cha 2026 ndicho kilichofanya KCPE ya mwisho, ile ya 2023, yaani mtihani wa Kenya wa kumaliza shule ya msingi. Nyuma yenu hakuna kidato cha pili, kuna gredi ya 10 ya mtaala mpya. Kwa hiyo mwenye mawazo ya kurudia darasa ayafute kabla hajashona sare mpya.

Wiki ya kwanza shughulikia karatasi. Cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCPE na ripoti zote za shule uliyotoka, zikiwa na muhuri. Kagua jina herufi kwa herufi. Mohamed kwenye cheti, Muhammad kwenye ripoti, Mohammed kwenye orodha ya darasa: huku Pwani ni jambo la kawaida, na kulirekebisha kabla ya usajili wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni rahisi kuliko baada ya vyeti kutoka. Ripoti nazo usizidharau. Anayetaka kusomea Marekani ataulizwa matokeo ya miaka yote ya sekondari, na shule mpya haiwezi kukuandikia ya kidato cha kwanza.

Kisha masomo. Tangu KCSE ya 2023, wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Hilo limewapa wengi faraja ya bure. KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, haiangalii wastani peke yake. Inaangalia pia klasta, yaani masomo manne yanayotakiwa na kozi unayoomba. Mwenye B+ ya jumla anaweza kuikosa kozi ambayo mwenzake wa B+ ameipata. Ukiacha Fizikia sasa kwa kuwa mwalimu wake ni mkali, uhandisi umeuaga leo, si siku ya matokeo. Mwislamu naye aulize mapema kama shule ina mwalimu wa IRE, somo la dini ya Kiislamu. Kama hakuna, Historia au Jiografia inatosha kuwa somo la kundi la sayansi za jamii (humanities). Si lazima ajilazimishe CRE, somo la dini ya Kikristo.

Somo linalowaponza watoto wa Malindi na Lamu kuliko watarajiavyo ni Kiswahili. Wanakizungumza tangu alfajiri, basi hawakisomi. Tazama karatasi ya pili: ufahamu alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Nusu nzima ni sarufi, na ufasaha wa barazani hauchanganui sentensi kwa matawi wala hautofautishi kishazi tegemezi na kirai. Mzaliwa wa Lamu anaandika "ndia" badala ya "njia" bila kujua amekosea, kwa sababu kwao hajakosea. Tenga siku mbili kwa wiki za ngeli, viambishi na uchanganuzi. Kwenye ufupisho, hesabu maneno yako na uyaandike katika nakala safi. Ukizidisha idadi uliyopewa unajikata mwenyewe.

Kemia, karatasi ya tatu, ile ya maabara. Hapa anayejua hupoteza alama kwa mkono wake. Titresheni, yaani kudondosha myeyusho mmoja ndani ya mwingine kwa byureti, hufanywa mara tatu, na jedwali hupewa alama kabla ya hesabu yoyote ya moli. Usomaji wa mwanzo andika 0.0, usiandike 0. Ukianza na desimali moja, jedwali zima liwe na desimali moja. Usomaji wa mwisho uwe mkubwa kuliko wa mwanzo, maana byureti ina sifuri juu, na husomwa kutoka juu kwenda chini. Wapo wanaoanza na 50.0 na kuteremka, na alama zinateremka nao. Ukipata ujazo uliotumika wa 24.6, 24.7 na 26.0, wastani ni wa zile mbili za kwanza tu, na hesabu yake ionekane: 49.3 gawanya kwa 2. Tatu zisizokaribiana usizipikie namba. Mwalimu ameshafanya jaribio lile kwa myeyusho uleule, na jibu lako litalinganishwa na lake.

Ada ya shule binafsi hainunui akili. Inanunua darasa dogo, na mwalimu mwenye muda wa kusahihisha karatasi yako hadi mstari wa mwisho. Usipoitumia nafasi hiyo umelipia majengo. Karatasi ikirudi, funika masahihisho, fanya upya kila swali ulilokosa, kisha mpelekee mwalimu lile tu lililokushinda mara ya pili. Anza pia kuandika noti kwa maneno yako badala ya kungoja kusomewa. Ukifika Chuo Kikuu cha Pwani hapo Kilifi, au kwingine kokote, mhadhiri hasubiri mtu amalize sentensi.

Hisabati ni saa. Alama 100 kwa dakika 150, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima. Ya pili ina manane, unachagua matano. Soma yote manane kabla ya kuchagua. Swali la alama 3 likipita dakika tano, liwekee nyota pembeni, ruka, urudi baadaye. Na usifute hatua ulizokwisha kuandika, kwani njia sahihi ina alama zake hata jibu likikosewa.