Sili nyama, lakini paka niliyeachiwa anaitaka mbichi

*Shikamoo shangazi, Ssenga wetu. Nina miaka 29, naishi Ntinda, Kampala. Nimelelewa Kisabato na sijaonja nyama tangu sekondari. Dada yangu amehamia Dubai akaniachia paka wake, jike wa miaka mitatu, kilo nne, aliyezoea nyama mbichi. Nimempa posho (ugali) na maharage, mayai na maziwa. Sasa anaharisha na manyoya yamefifia. Harufu ya bucha inanitia kichefuchefu, na nikishika nyama najiona msaliti wa ahadi yangu. Je, hawezi kuzoea chakula changu? – Binti wa Ntinda*

Marahaba, mwanangu. Hawezi, wala si ukaidi. Mwili wa paka hautengenezi taurini, kirutubisho cha lazima kwake, ya kumtosha. Sharti aipate kwenye nyama, na kwenye posho na maharage hataipata. Akiikosa kwa miezi mingi, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga huharibika hadi apofuke, na msuli wa moyo hutanuka na kudhoofika. Wewe ukila viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mwili wako unajitengenezea vitamini A. Wa kwake hauwezi. Anaihitaji ikiwa tayari, kama ilivyo kwenye maini. Maziwa yaache leo hii, maana paka wengi waliokomaa hawawezi kusaga sukari yake, na huenda ndiyo yanayomharisha. Kuhara kukiendelea baada ya siku mbili, mpeleke kwa daktari. Mchuzi wa nyumbani pia usimpe hata tone: kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake.

Ahadi yako naiheshimu, na sioni ulipoivunja. Uliahidi kuhusu kinywa chako. Huyu ni kiumbe uliyekabidhiwa, na kumlisha kinachomfaa hakukufanyi mla nyama. Kinachokutesa zaidi nadhani ni mikono na pua, na hayo yana dawa.

Usiende bucha kila siku. Tenga asubuhi moja kila baada ya wiki mbili, uende mapema kabla nyama haijaning'inia juani, au umtume mtu. Kwa kilo moja ya chakula nunua gramu 750 za mapaja ya kuku yasiyo na mifupa wala ngozi, gramu 200 za moyo wa ng'ombe na gramu 50 za maini. Moyo usiuache, kwa sababu una taurini nyingi. Maini nayo usiyazidishe hata akiyapenda, kwani vitamini A ikirundikana kwa muda mrefu huotesha mifupa ya ziada shingoni hadi ashindwe kugeuza kichwa. Mwambie mwenye bucha aondoe mafuta na akate vipande vikubwa, lakini asisage. Nyama ya kusaga hushikwa na bakteria kila upande, tena mashine yenyewe hujui imesaga nini kabla yako. Nguruwe mbichi usimpe kabisa.

Ukifika nyumbani, usiioshe nyama. Najua tumezoea kuosha, ila maji yanayoruka husambaza bakteria kwenye sinki na sahani zako. Itie kwenye friza ikiwa ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) kwa saa moja na nusu hivi, mpaka igande nusu. Hapo haichuruziki damu, haitelezi, na harufu yake hupungua sana. Vaa glavu, fungua dirisha, shika kwa uma na ukate vipande vidogo kwa mkasi wa jikoni badala ya kisu. Hutalazimika kuigusa kwa vidole.

Mifupa ndiyo inayowashinda wengi, na hapo mla mboga una nafuu. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno. Paka akiila hivyo hivyo, mwili huchota kalisi kwenye mifupa yake mwenyewe. Chukua maganda ya mayai unayokula, yasuuze, yaoke dakika kumi, yasage mpaka yawe laini kama unga. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, kinatosha kilo moja ya nyama. Mifupa iliyopikwa asipewe kamwe, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Changanya, pima kwa mizani pakiti za gramu 65, ugandishe. Paka wa kilo nne atakula pakiti mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Mpime uzito kila wiki, ongeza au punguza. Pakiti zikae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima kabla hujaanza kumpa. Baridi hiyo huua kimelea cha toksoplasma, lakini bakteria za salmonela haiziui, inazisimamisha tu. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friza iliyojaa hushika baridi saa 48 hivi, iliyojaa nusu saa 24. Iliyoyeyuka ikapata joto, itupe.

Usiku hamishia pakiti rafu ya chini ya friji. Kabla ya kumpa, izamishe ikiwa imefungwa kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, kwa kuwa paka hukikataa chakula cha baridi. Baada ya nusu saa ondoa kilichobaki. Mkasi, uma, kibao na bakuli viwe vyake peke yake. Vioshe kwa sabuni, kisha kwa jiki, kijiko kimoja cha mezani katika lita nne za maji. Kinyesi chake kizolewe kila siku, na kama nyumbani kuna mjamzito, mtu mwingine akizoe.

Mchanganyiko huu bado una mapengo, hasa ayodini, vitamini D na E. Kwa hiyo siku mbili au tatu za wiki mpe chakula cha kopo kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa paka wazima. Mpeleke pia kwa daktari wa wanyama, apimwe na kupewa dawa ya minyoo, na umwonyeshe vipimo hivi. Huenda akakukataza nyama mbichi. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kiliipinga mwaka 2012 kwa sababu ya hizo bakteria. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mzee au mwenye kinga dhaifu, mimi pia nakukataza.

Na ukijaribu mwezi mzima moyo wako ukakataa, mhamishie kabisa kwenye chakula cha kopo. Hakuna aibu yoyote hapo, mradi taurini imetajwa kwenye lebo. Badilisha polepole kwa siku kumi, ukichanganya kipya na cha zamani. Usimshindishe njaa ili akubali: paka asipokula siku mbili au tatu, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa.