Picha ya babu stesheni, niichoreje?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi niko Ujiji, nina picha ya zamani ya babu na bibi wamesimama stesheni ya Kigoma, haina rangi, imeliwa na madoa na sura ya bibi imefutika kabisa. Nataka niichore lakini kila nikijaribu inatoka kama fotokopi tu, na bibi mwenyewe sikumkuta, sura yake naijazaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Orijino usiiguse na brashi, ipige na simu kivulini bila flashi, printi kubwa, uchore miraba upate vipimo, basi. Sasa hiyo sura, mi nakwambia usiijaze! Kuna Mjerumani Gerhard Richter, 1965 alichora kutoka picha ya familia, mjomba wake Rudi kavaa sare za jeshi anatabasamu, rangi ikiwa bado mbichi akaipitishia brashi kavu mpaka ikawa kama unamwona kwenye ukungu. Ila hapo utumie rangi ya mafuta, akriliki inakauka haraka na kwa joto la Kigoma ndo usiseme. Stesheni bado ipo, reli ilifika huko 1914, nenda kakae pale jioni uangalie kuta zinavyopokea mwanga. Halafu kaulize mashangazi, kitenge cha bibi kilikuwa rangi gani? Mmoja atasema nyekundu mwingine ataapa ni bluu (wa kwangu waligombana mpaka chai ikapoa), we wala usiamue, paka zote mbili.