Re: Chai ya Boston ilishushwa bei, kwa nini waimwage badala ya kuirudisha?

Kuirudisha ndiko walikotaka kwanza wakazi wa Boston (mji wa Massachusetts, wakati huo koloni la Uingereza huko Amerika), mkuu. Kikwazo kilikuwa forodha. Meli ikishaingia bandarini, ushuru ulipaswa kulipwa ndani ya siku 20, la sivyo shehena inataifishwa. Meli ya kwanza ya chai, Dartmouth, ilifika 28 Novemba 1773, kwa hiyo mwisho ulikuwa 17 Desemba. Gavana Hutchinson wa Massachusetts akakataa kutoa kibali cha kuondoka bila ushuru (wanawe wawili walikuwa miongoni mwa mawakala wa chai hiyo, usilisahau hilo).

Bei ilishuka kweli, ila ushuru wa peni 3 kwa kila ratili ulibaki, na kuulipa kulimaanisha kukubali kutozwa na Bunge la Uingereza, wasilokuwa na mwakilishi.

Usiku wa 16 Desemba walipasua makasha 342 kwenye meli tatu: Dartmouth, Eleanor na Beaver. Chai ilitoka China, 240 kati ya hayo yakiwa ya Bohea, chai nyeusi ya bei nafuu. Maji yalikuwa yamekupwa, basi majani yakarundikana kando ya meli ikabidi yasukumwe. Kesho yake iliyoelea ikapigwa kwa makasia izame, isiokotwe.