Wafalme wenye deraya kwenye uwanja wa besiboli

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mkenya ninayeishi Hartford, Connecticut. Mwenzangu kazini, shabiki wa besiboli, amenipa riwaya ya Mark Twain ambamo wafalme wanaucheza mchezo huo wakiwa wamevaa deraya. Yeye hucheka hata machozi yakamtoka, lakini mimi sikuona cha kunichekesha. Je, mwandishi anaubeza mchezo wenyewe? Na kwa nini mwenzangu, akimaliza habari za Twain, huingia moja kwa moja katika fainali ya ubingwa wa besiboli wa Marekani ya mwaka 1960?

JIBU: Ndugu msomaji, huyo mwenzako amekupa riwaya iliyozaliwa mjini kwenu. *A Connecticut Yankee in King Arthur's Court* ilitoka mwaka 1889, na Twain aliiandika akiwa mkazi wa Hartford. Mhusika wake, msimamizi katika kiwanda cha silaha cha mji huo, anapigwa nondo kichwani na kuzindukia Uingereza ya karne ya 6, ambako anaanzisha viwanda, simu na magazeti, na hatimaye besiboli, ili mashujaa waache kuuana katika mashindano ya mikuki.

Timu zote mbili ni za wafalme watupu. Hakuna anayekubali kuvua deraya, kwa kuwa hawaivui hata wakienda kuoga, hivyo timu moja inavaa ya pete za chuma zilizofumwa na nyingine ya mabamba ya chuma cha pua. Kwa kuwa mpira hauwaumizi, hawaukwepi, nao ukimpiga mwenye mabamba huweza kuruka yadi 150. Mchezaji anapojitupa kifudifudi ili akiwahi kituo, Twain anamfananisha na manowari ya chuma inayoingia bandarini. Waamuzi wa kwanza walikuwa watu wa kawaida, lakini utaratibu huo ulibidi ukomeshwe, kwa sababu uamuzi wa kwanza wa mwamuzi ndio uliokuwa wa mwisho, akivunjwa vipande viwili kwa gongo, na wenzake wakimbeba kumrudisha nyumbani.

Anayebezwa hapo ni mtu mwenye cheo asiyeweza kukiweka kando hata mchezoni, pamoja na yule Mmarekani anayedhani kwamba ukimpa mtu chombo kipya umembadilisha tabia. Besiboli yenyewe Twain aliipenda. Mwezi Mei 1875 alikuwa akishangilia mechi hapo Hartford, mtoto akamchukulia mwavuli wake wa hariri. Akatangaza gazetini zawadi ya dola 5 kwa atakayeurudisha mwavuli, na dola 200 kwa atakayeleta maiti ya mtoto. (Ilikuwa mzaha, bila shaka, ingawa nisingependa kuwa mzazi wa mtoto huyo asubuhi ile.) Aprili 1889, miezi michache kabla ya riwaya kutoka, alihutubia New York katika karamu ya wachezaji waliokuwa wamezunguka dunia na kucheza hata karibu na piramidi za Giza, akauita mchezo huo alama ya karne ya 19 na pilikapilika zake.

Kuhusu 1960, nadhani mwenzako anasikia kejeli ileile, safari hii bila mtunzi. New York Yankees waliwafunga Pittsburgh Pirates 16 kwa 3, kisha 10 kwa 0, kisha 12 kwa 0. Katika mechi saba walipata jumla ya mikimbio (yaani pointi) 55 dhidi ya 27, na bado wakashindwa, kwa maana kinachohesabiwa ni mechi ulizoshinda, wala si ukubwa wa kipigo ulichotoa. Mechi ya saba, tarehe 13 Oktoba, ilikuwa 9 kwa 9 katika zamu ya mwisho pale Bill Mazeroski wa Pirates, ambaye sifa yake ilikuwa kudaka zaidi kuliko kupiga, alipouvusha mpira juu ya ukuta na kuwapa wenzake ushindi.

Uwanja ule wa Pittsburgh ulibomolewa, lakini kipande cha ukuta kimebaki, na kila tarehe 13 Oktoba mashabiki hukusanyika hapo na kusikiliza rekodi ya matangazo ya redio ya siku ile, iliyopangwa ili pigo la Mazeroski lisikike saa tisa na dakika 36 alasiri, saa ileile lilipotokea.