Mvua ya Kwanza na Watafiti

SWALI: Mhariri, binti yangu, mwanachuo wa hapa Dodoma, alikwenda na kikundi chake cha utafiti wa ikolojia na angahewa porini Kongwa usiku, mara mvua ya kwanza iliponyesha. Kwa nini wasingoje kupambazuke?

JIBU: Ndugu mzazi, vijidudu vya udongoni hulala kiangazi chote, na maji yakivifikia huamka kwa pamoja na kutoa kaboni dioksidi nyingi kwa muda mfupi, hivyo anayechelewa hupitwa. Watafiti hufunika kwa chombo mfano wa sufuria pete ya plastiki waliyoichimbia ardhini mapema, kisha husoma jinsi hewa hiyo inavyoongezeka humo. Sehemu kubwa ya kazi, nakiri, ni matope, mnunulie gambuti.