Mtangazaji kwenye muziki wa klasiki: kwa nini mimi namtaka

Mkuu, umeuliza hivi: kwa nini vipindi vya muziki wa klasiki redioni viwe na mtangazaji, wakati simu yako inaweza kukupigia Bach kutwa nzima bila mtu kukukatiza? Wengi hapo juu wamekuunga mkono. Mimi nakupinga, na nitaandika kirefu kwa sababu jambo hili nimelionja kotekote. Nimekuwa msikilizaji tangu utoto wangu Keko, na baadaye nilishika kipindi cha nusu saa kwa karibu miaka miwili kwenye redio moja ndogo ya FM hapa Dar.

Nianze na mzee wangu. Alikuwa mwalimu wa kwaya usharikani, mtu wa solfa, anakuandikia noti ubaoni mpaka mkono wote unageuka mweupe kwa chaki. Nyumbani tulikuwa na redio ya betri, na mchana ilikuwa RTD tu, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam: taarifa ya habari, salamu, mpira. Jumapili usiku mzee alihamia masafa mafupi kutafuta stesheni ya nje iliyokuwa ikipiga okestra. Sauti ilikuja na kupotea, ikaja tena. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la tano, sikuelewa hata nusu ya aliyosema yule mtangazaji. Lakini mzee aliniambia, "Msikilize huyu bwana anavyosubiri." Muziki ukiisha, yule mtu hakusema neno. Unasikia mikwaruzo ya masafa tu, moja, mbili, tatu, ndipo anataja jina la kazi na la mtunzi, kwa sauti ya chini kuliko ile aliyoanza nayo. Kwa ule ukimya wake nilijua, mtoto mimi, kwamba kilichopita kilikuwa kitu kikubwa.

Sasa sikia kinyume chake. Pasaka moja, nikiwa tayari naimba sauti ya tatu, kwaya yetu ilirekodiwa ikiimba Haleluya ya Handel, ikarushwa na stesheni ambayo sitaitaja. Kwa asiyeijua, Handel alikuwa Mjerumani aliyehamia London. Messiah, ambayo ndani yake imo hiyo Haleluya, aliiandika mwaka 1741 kwa siku 24, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Karibu na mwisho, Haleluya zinafuatana kwa kasi, halafu ghafla kwaya nzima inakata. Kimya. Kisha inakuja Haleluya ya mwisho, pana na ya taratibu. Kile kimya kinawatoa jasho wanakwaya kote duniani, maana mmoja akichomoka pale peke yake, kazi ya miezi imekwenda na maji. Sisi tulikifanyia mazoezi wiki tatu.

Siku ya kurushwa tulijaa kwa mzee, watu kama 15, wengine wamekaa kwenye ndoo. Tukafika pale. Kwaya ikakata, na mtangazaji akaingia: "Naam, hao walikuwa..." Haleluya ya mwisho ikapita chini ya sauti yake. Mzee aliinuka akaenda uani, na hakuna aliyemfuata.

Yule mtangazaji hakuwa na nia mbaya. Hakuwa ameisikiliza kanda mpaka mwisho kabla ya kuirusha, basi. Lakini ndiyo maana nasema mtu anayeshika kipindi hiki anakuazima masikio yake, na kama yeye hajausikiliza muziki, wewe nyumbani unapokea masikio matupu.

Nilipopewa kipindi changu mwaka 2009, Jumamosi saa kumi jioni, nilidhani nimejiandaa. Nilikuwa na daftari. Wiki ya kwanza nikasoma: Antonín Dvořák, mtunzi wa Kicheki, amezaliwa 1841 katika kijiji cha Nelahozeves, baba yake mwenye bucha, 1892 akaenda Marekani kuongoza chuo cha muziki New York, simfoni yake ya tisa (kazi ndefu ya okestra yenye sehemu nne) ikapigwa mara ya kwanza Carnegie Hall tarehe 16 Desemba 1893. Yote ni kweli, na nilichukua dakika sita kuyasoma. Meseji ziliingia nne. Tatu ziliomba nyimbo za kwaya, na moja iliuliza mahubiri yanaanza saa ngapi.

Aliyeniokoa ni fundi mitambo wetu, kijana ambaye hakuwa na habari kabisa na klasiki. Aliniuliza, "Mwalimu, wewe mwenyewe ukisikiliza hii kitu, huwa unasubiri nini?" Nikamjibu bila kufikiri: matoazi, yale masahani mawili ya shaba yanayogonganishwa. Simfoni ile ina dakika kama 40, na matoazi yanagongwa mara moja tu. Mara moja! Tena hayagongwi kwa kishindo. Ni pigo la upole kwenye sehemu ya nne, ukigeuka kuongea na mtu umelikosa. Kijana akanitazama. "Sasa mbona hukuwaambia?"

Jumamosi iliyofuata nilipiga sehemu ya nne peke yake, dakika 11 hivi. Maneno yangu niliyaandika nyuma ya risiti na bado nayakumbuka: "Humu ndani kuna matoazi. Yatalia mara moja, mapema tu, taratibu. Ukiyasikia nitumie meseji." Nikanyamaza.

Meseji zilianza kuingia muziki haujafika hata katikati. Iliyonikaa moyoni ni ya fundi cherehani wa Buguruni. Alisema amesimamisha cherehani na kuwaomba wenzake wawili pale barazani nao wasimame, maana cherehani tatu zikienda pamoja husikii kitu. Lakini daladala ilikuwa imeegesha mbele yao, na hawana hakika kama walichosikia ni matoazi au ni konda kagonga bodi. Anaomba nirudie. Nikarudia wiki iliyofuata, dakika zote 11, bila kubadilisha neno. Safari hii alipiga simu studio. "Nimeyapata, mwalimu. Kama mtu anafunika sufuria na hataki mtoto aamke." Nimesoma mengi kuhusu simfoni hiyo, na sijakuta maelezo ya lile pigo yanayoyashinda hayo.

Mkuu, yule fundi alikuwa na simu. Simu ingempigia kazi hiyo hiyo mara 100 na asingesimamisha cherehani hata siku moja. Alisimamisha kwa sababu kuna mtu alimwambia kuna kitu kinakuja, na kwa sababu alijua watu wengine mjini wanakisubiri saa hiyo hiyo. Wapenzi wa taarab wanalijua hili vizuri zaidi yangu. Mtangazaji akikudokezea kwamba beti ya tatu ina fumbo, unatega sikio. Akikufumbulia lote kabla wimbo haujaanza, amekunyima. Na wanaomkumbuka marehemu Charles Hilary akitangaza mpira wanajua jinsi sauti ya mtu inavyoweza kukuwekea macho mahali ambapo huna macho. Kule Marekani alikuwepo Milton Cross, aliyetangaza opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa, kutoka jumba la Metropolitan la New York tangu 1931 mpaka alipofariki mwanzoni mwa 1975. Msikilizaji aliyeko shambani, mbali na jumba lolote la opera, alielezwa jukwaa limepambwaje na waimbaji wamevaa nini, kisha Cross akauachia muziki.

Hapo kwenye kuachia nakubaliana nawe kabisa. Kuna watangazaji wanaongea dakika tatu juu ya kipande cha dakika nne, au wanaingia juu ya fidla zikiwa ndiyo kwanza zinapanda, au wanakata katikati kwa tangazo. Hao wanakera na malalamiko yako ni ya haki. Kwangu dakika moja kabla ya muziki inatosha, na mara nyingi nusu yake. Majina ya watunzi mtu ajifunze kuyatamka kabla hajaingia studio. Hilo halihitaji mjadala.

Linaloniuma zaidi ni lile la kuuombea radhi muziki. "Ndugu msikilizaji, najua huu si muziki wetu, lakini vumilia kidogo." Au, "Huu ni muziki wa kutuliza akili, jiegemeze ulale." Mtu akishaambiwa avumilie, atavumilia kweli, na akiambiwa alale, atalala. Simfoni ya tano ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwezi Desemba 1808, si ya kulalia hata kidogo. Tromboni zake tatu, yale matarumbeta makubwa ya kuvuta, zinakaa kimya sehemu tatu za kwanza zote, zaidi ya dakika 20. Kisha okestra inashuka mpaka unabaki unasikia ngoma inagongwa polepole gizani, sauti inapanda, inapanda, sehemu ya nne inalipuka na tromboni zinaingia nayo. Kwa muda ule wa nusu saa sikuweza kuipiga yote, nikaanzia kwenye sehemu ya tatu, lakini nilisema hilo la tromboni. Vijana wa matarumbeta wa Temeke, wale wanaopiga kwenye harusi juu ya pikapu, waliniandikia jioni ile ile kuuliza noti za tromboni zinapatikana wapi. Hakuna aliyewaambia kwamba ni muziki wa watu wengine, nao wakauchukua kama wa kwao.

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka ya 2010 niliamua kupiga Haleluya ya Handel. Mzee alikuwa bado hai, yuko Keko na redio yake. Nilimweleza fundi mitambo kuhusu kile kimya, nikaisikiliza santuri mara mbili nyumbani na mara moja studio. Ilipofika pale kijana aliinua mikono yote miwili juu ya mitambo, wazi, kama anayeonyesha hana silaha. Kwaya ikakata. Kimya kikapita chote. Haleluya ya mwisho ikatoka nzima, ikaisha, nikahesabu kimoyomoyo, ndipo nikamtaja mtunzi.

Jioni nilipitia nyumbani. Mzee alikuwa amekaa uani.

"Ulihesabu ngapi mwishoni?"

"Tatu, baba."

"Ungefika nne."